Wa Kuulizwa Nyumbani

Daktari wa meno aliyetufundisha tulimpachika jina la Mama Pumzi. Alikuwa amechoka kutukumbusha: meno yaliyosagika na ulimi wenye alama za meno pembeni huenda ni dalili za mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini.

"Na msimuulize mgonjwa. Anayekoroma hajisikii. Muulizeni anayelala naye."

Siku moja usingizi ulimchukua akiwa katikati ya somo. Aliposhtuka, alijitupa kwenye kiti cha wagonjwa, akatuambia kwa ukali tufanyie mazoezi kinywani mwake. Mwenzetu mmoja alimulika taa, akatazama, akaona meno yamesagika.

"Mwalimu, kwako tumuulize nani?"

"Aliyekuwa akinipiga kiwiko nigeuke," alijibu, "tulimzika mwaka jana."