Kinanda Kinamsubiri Mama

Mama alifariki nikiwa sijajua kutembea, kwa hiyo sauti yake siijui. Baba alikuwa mpiga kinanda wa parokia yetu Kirumba tangu ujana wake, na mama aliimba kwaya hiyo hiyo. Lakini nikimwomba baba anipigie wimbo wa mama, hata mmoja, alikuwa anasema, "Zilikuwa nyingi, mwanangu," kisha anafungua redio. Nilimwona bahili. Nasema kweli, kuna miaka nilimchukia kwa hilo.

Mwaka jana vijana wa parokia walikuta mkanda wa filamu kwenye stoo ya kanisa, uliopigwa na padri mgeni enzi mama akiwa hai. Haukuwa na sauti. Wakatangaza kwamba Jumapili, baada ya misa ya pili, utaonyeshwa ukumbini na baba atapiga kinanda picha zikienda. Wakanidokeza kwamba mama yumo, anaimba. Nikajiambia, safari hii mzee hana pa kukimbilia, wimbo wa mama ataupiga. Nilifunga duka langu Mkolani nikawahi kiti cha mbele.

Madirisha yalizibwa kwa turubai na vitenge, joto likatutoa jasho, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni ikaingia bila kubisha hodi. Picha zilipoanza, mzee mmoja nyuma yangu akauliza mtafsiri yuko wapi, maana sisi filamu isiyo na mtu wa kuitafsiri tunaona tumepunjwa. Watu wakacheka. Baba hakugeuka. Aliwapigia wavuvi wanaovuta nyavu wimbo wa taratibu, akauchangamsha kwa mbuzi waliogoma kupanda kivuko, ukumbi ukapiga makofi.

Kisha ikaja picha ya kivuko cha Busisi, zamani kabla ya daraja. Kwaya imejipanga kivukoni, na mbele yao mama, kitambaa cheupe kichwani, mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Waliomjua wakaguna. Akafungua kinywa kuimba.

Baba akatoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mapajani.

Mama akaimba peke yake, kisha kwaya nzima ikafungua vinywa, na ukumbini kimya. Mtu akapaza sauti, "Kinanda kimeharibika?" Hasira zilinipanda. Nikainuka, nikamfuata baba pale pale kwenye kinanda.

"Baba, hata leo? Hata leo unaninyima?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Mama yako ndiye anaanzisha," alisema. "Akimaliza ubeti wa kwanza, mimi naingia. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Nilikuwa namsubiri."

"Basi umemwona ameanza. Si upige!"

"Nipige upi? Alikuwa anachagua mwenyewe, papo hapo, bila kumwambia mtu. Sikuwahi kuujua wimbo kabla sijamsikia, na bila yeye kuanza mikono yangu haijui pa kuingia." Akajipangusa macho kwa mkono wa shati. "Ningeujua, mwanangu, ningekunyima?"

Miaka yote ile nilimdai kitu ambacho na yeye alikuwa anakitafuta.

Akamwomba mwendesha mashine arudishe kipande kile. Wakarudisha. Mama akatokea tena kivukoni, akafungua kinywa. Baba akaweka mikono mapajani na kuinamisha kichwa asikilize. Nami nikasimama kando yake, nikamsubiri mama amalize ubeti wake.