Mvua ya Mlimani na Minofu ya Mama Koku

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha hali ya hewa, pale uwanja wa ndege wa Mwanza, Mkuu wa Kituo aliniuliza mvua ya jana yake ilikuwaje.

"Ilinyesha sana, mzee."

Akavua miwani. "Sana ni milimita ngapi?"

Akanipeleka nje kunionyesha kipima mvua: mtungi wa bati wenye faneli mdomoni na chupa ndani, pamoja na bilauri yenye mistari ya kupimia maji. "Hapa," akasema, "neno 'sana' tumelipiga marufuku."

Baadaye nilihamishiwa Nansio, kisiwani, nikarudi Mwanza miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, viwanda vya samaki vikipeleka minofu ya sangara Ulaya na sisi wenyeji tukikaanga mapanki, yaani mifupa iliyobaki. Wazee walilalamika kwamba mvua zimebadilika: zinachelewa, kisha zinamwagika zote kwa pamoja. Lakini kipima mvua chetu kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa uwanja wa ndege. "Wagawie wananchi," Mkuu mpya wa Kituo akaniagiza. "Wapime wenyewe huko mitaani."

Nikachagua mtaa mmoja wa mlimani, nyumba zimebanana kati ya mawe hadi kwenye kijito bondeni. Wapimaji wangu walikuwa Mzee Masanja, mstaafu wa reli, na jirani yake Mama Koku, muuza mapanki. Mwezi mzima Mama Koku aliniletea vipimo. Mzee Masanja akaniletea sifuri.

"Shikamoo mzee. Kwako mvua hainyeshi?"

"Marahaba. Inanyesha, binti yangu."

"Kipima mvua kiko wapi?"

"Chini ya kitanda. Chombo cha serikali kikilowa, ataulizwa nani?"

Tukakitoa nje. Tangu hapo akawa mshindani. Kila asubuhi alimwita jirani yake ng'ambo ya ua, "Mama Koku, umepata ngapi?" na akizidiwa hana raha siku nzima.

Sisi watatu tulikubaliana kwamba chupa ikijaa hadi alama nyekundu niliyoichora na mvua bado inaendelea, Mzee Masanja atagonga rimu ya gari iliyoning'inia kwa balozi wa nyumba kumi, na watu wa bondeni watapanda juu.

Alasiri moja nilikuwa kwake mvua ilipoanza. Ilikuwa kama inamwagwa kwa ndoo. Chupa ikafika alama nyekundu hata chai hatujamaliza. Mzee akakimbia, akagonga rimu kwa nguvu zake zote. Kule bondeni milango ikafungwa! Mtu akachungulia dirishani. "Mwambieni balozi baba hayupo!"

Hapo nikaelewa. Miaka ile rimu ikilia ni michango: ya shule, ya zahanati, ya barabara.

Nikashuka kidogo, nikapaza sauti, "Jamani, milimita zimezidi!"

"Kaeni nazo milimita zenu!"

Kijito kilikuwa kimeshakuwa chekundu kwa tope, na mle vyumbani mlikuwa na watoto. Mama Koku akanisogeza kando, akakaza kanga kiunoni. "Jamaniii! Gari la kiwandani limepinduka huku juu! Minofu! Minofu mitupu barabarani!"

Milango yote ikafunguka. Wakapanda na mabeseni, ndoo na masufuria, watoto mgongoni. Bibi mmoja wa mkongojo alinipita kama upepo. Walipokuta rimu tu, wakamzingira Mzee Masanja.

"Minofu iko wapi?"

Kabla hajajibu, bonde likanguruma. Maji yakabomoa kuta za vyumba vya chini, yakabeba vyoo na banda la kuku. Tukasimama, tunalowa. Mama mmoja alihesabu wanawe kwa kuwagusa vichwa, akamaliza, akaanza tena. Ndipo bwana mmoja aliyekuwa nyuma akauliza taratibu, "Kwa hiyo minofu hakuna kabisa?" Tukacheka mpaka wengine wakalia.

Kesho yake Mkuu alisoma taarifa yangu. Pale uwanja wa ndege halikuwa limedondoka hata tone. "Bila watu wako," akasema, "tungeandika kwamba Mwanza ilikuwa kavu." Kisha kidole chake kikasimama. "Njia ya tahadhari: minofu?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee."

Akafikiri. "Andika 'tangazo la mdomo'."

Sasa nimestaafu, nakaa Butimba, hapa hapa Mwanza, na majirani huja kuniuliza kama wapande mahindi. Mvua za siku hizi ni kama mgeni asiyepiga hodi, nami siwezi kumsemea. Nawaambia iliyonyesha jana ni kiasi gani. Ya kesho, nawaambia, andaeni mbegu, na viatu viwekeni karibu na mlango.