Jivu la Mjomba na Pipa Langu la Maji

Mie nina hasira za karibu, sikatai. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshakunja ndita. Kwa hiyo siku mteja wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alipoingia karakanani kwetu Temeke, akatoa mkobani shuka jeupe lenye madoa ya kahawia na kulitandaza juu ya meza ya mjomba, kwanza niliona aibu, kisha nikawaka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu soma hapo," akaniambia, akigonga madoa kwa kidole kama yuko ubaoni.

Alikuwa na duka la udobi kule Mbweni, mashine nne za kufulia, na maji anayavuta kisimani. Maji ya kule yana chumvichumvi. Sisi ndio tuliomsubia kwa chuma cha kuyeyusha impela ya pampu, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, tena kwa stenlesi, chuma kinachosifiwa kwa kutoshika kutu. Mjomba alimwapia kwamba haitashika kutu mpaka wajukuu wake waoe. Jamani! Haikumaliza hata miezi miwili.

Karakana ni ya mjomba, kaka yake mama. Alikuja kutoka Masasi akiwa kijana, akajifunza kusubu, na tangu hapo amemwaga majiko, vifuniko vya mashimo na gia za mashine za kusaga za nusu ya Temeke. Kilichompa jina ni jivu lake. Ana sanduku zima la jivu la vifuu, analichekecha mwenyewe kama mama anayeandaa unga wa maandazi. Kitu kikitoka kwenye udongo wa kuumbia bado chekundu, anakizika humo kipoe taratibu mpaka kesho yake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa hilo sanduku. "Ukikishtua kitapasuka," anasema. Na kwa chuma chake cha majiko yuko sahihi kabisa, naomba nilitamke hilo mapema nisije nikaonekana simheshimu.

Ila stenlesi ina tabia zake. Kwenye chuo cha ufundi nilikosoma tulifundishwa kwamba kinga yake ni madini ya krome yaliyochanganywa ndani. Ukiiacha ipoe polepole, kaboni kidogo iliyomo inaivuta ile krome na kujikusanya nayo kwenye mipaka ya punje za chuma. Pembeni mwa hiyo mipaka panabaki patupu, hapana kinga, na chumvi inaingilia hapohapo. Dawa yake ni kuirudisha kwenye moto mkali, zaidi ya digrii elfu moja, krome itawanyike upya, halafu kuitosa majini upesi kabla haijapata nafasi ya kujikusanya tena. Yaani mjomba, kwa huruma zake zote, alikuwa anaiandalia kutu makazi.

Nikamwambia. Nikamwambia vibaya, mbele ya mteja.

"Mjomba, hilo jivu lako ndilo lililoharibu!"

Akavua kofia, akaivaa tena. "Mie nasubu vyuma wewe hujaota meno."

"Ugomvi wenu mtamalizia nyumbani," akasema mwalimu, akikunja shuka lake. "Mie nataka maji safi."

Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Aliipokea, akanipa na chai, lakini ya jivu hakuyagusa. Nikaamua kumwonyesha kwa macho. Nilichukua vipande viwili vya stenlesi vya mmwago mmoja, kimoja kilichopoa jivuni, kingine nikakipasha upya na kukitosa majini. Nikaviweka kwenye makopo mawili ya maji ya bahari dirishani kwake, mahali anapowekaga miwani. Wiki chache baadaye cha jivuni kilikuwa na madoadoa. Cha majini kiling'aa.

"Kipande kinene kama mche wa sabuni hakina mapanga membamba," akasema. "Impela inayo, na ndiyo yanayopasuka. Haya, nitakupa impela moja, mpya ya mwalimu, uitose. Ikipasuka, stenlesi basi, tunarudi kwenye majiko, na wewe unarudi ofisini kupokea simu."

Nilikuwa nimesota chuo miaka mitatu, nikaishia kusema "haloo, karakana hapa" mwaka mzima, ndipo nikaruhusiwa kusogelea tanuru. Sikutaka kurudi kwenye ile simu. Thubutu!

Siku yenyewe mwalimu alikuja na kiti chake cha plastiki. Nilikaa na kipimajoto, sikukiamini, nikawa naangalia na rangi ya moto, sikuiamini nayo. Muda ulipotimia tuliitoa impela kwa koleo, ya chungwa inayokaribia njano. Mjomba akageuka ukutani, akaziba masikio.

Tukaitosa kwenye pipa la maji. Chwaaa! Mvuke ukatufunika wote. Sikumwona mtu. Nilisikia tu mwalimu akisema, "Yesu wangu!"

Ilipopoa mjomba aliichukua yeye, hakuniachia. Akapitisha ukucha kwenye kila panga, akarudi kwenye la kwanza, akaanza upya. Akaigonga kwa spana. Ikatoa mlio mrefu, safi, usio wa kitu chenye ufa.

"Haijapasuka," akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Ikafungwa Mbweni. Mimi nikabaki kuhesabu miezi, kila simu ikilia nadhani ni ya Mbweni. Ukapita wa pili, wa nne, wa saba. Kisha mwalimu akaja tena na mkoba wake, nikataka kukimbilia chooni. Akatoa kanzu nyeupe pee, zawadi kwa mjomba, akasema ameifua mara tatu kwa maji ya kisima kile ili tukague vizuri. Tuliigeuza ndani na nje. Hakukuwa na doa.

Ijumaa mjomba akarudi kutoka msikitini nayo mwilini, akasimama mbali na masizi. Tulikuwa na kazi mpya ya stenlesi ndani ya tanuru, mafundi wote wamezunguka, wanamsubiri atoe amri kama siku zote.

"Fundi!" akaita.

Wakatazamana. Mafundi wake huwa anawaita kwa majina. Nikaona ananiangalia mimi.

"Fundi, wewe. Hiki kinakwenda majini au jivuni?"

Mie, mwenye jibu la kila kitu, nikanyoosha kidole tu kwenye pipa.

"Haya, majini," akawaambia, akipandisha kanzu yake magotini. "Nipisheni nirudi nyuma, kanzu isirukiwe."