Siku Tulipomwacha Furaha Luvungi

Juzi nilipita Luvungi, nikaziona tena nyumba kuukuu za matofali zilizojengwa na Wabelgiji. Enzi za Zaïre, baba yetu, Papa, alitushusha huko kutoka Bukavu, mimi na mdogo wangu Furaha. Uwanda ulikuwa mkavu, wenye miiba, na upepo ulinuka vumbi na ng'ombe. Nilidhani tumekwenda kutembea tu, mpaka shangazi yetu aliyeishi huko alipomshika Furaha mkono.

"Huyu atabakia hapa kwanza," Papa alisema. "Maman yenu iko mugonjwa."

"Na mimi nibakie?"

"Wewe uko na masomo."

Nililia njia nzima ya kurudi Bukavu kwa wivu, nikidhani Furaha ndiye amependelewa. Maman alikufa, na Furaha hakurudishwa kamwe. Tulipokutana ukubwani, alinisalimu kwa adabu, kama mgeni asiyenijua: "Jambo, madame."