Mkoba Nilioubeba kwa Meneja

Mtaa mzima wa Kamenu waliniita wakili, ingawa nilikuwa mtetezi tu wa chama cha wafanyakazi. Basi nami nikatembea kiwakili. Wekesa alipofutwa kazi kwa tuhuma za kuiba turubai kiwandani, nilikubali kumtetea. Kwa shukrani akanishonea mkoba wa kubebea karatasi zangu, imara, wenye vifungo viwili. Siku ya kesi niliuweka juu ya meza ya meneja, makusudi, wote wauone. Nikanguruma: "Huyu hajatoka hapa na hata uzi mmoja!" Hotuba ile naionea fahari mpaka leo.

Meneja akaupapasa mkoba wangu. "Mzuri. Nani alikushonea?"

Kabla sijafungua mdomo, Wekesa akasimama, kifua mbele. "Ni mimi, bwana! Turubai yenu haipasuki ng'o."