Furaha, Aliyemlea Panda Ili Amkimbie

Jamani, kichwa changu bado kinakataa. Furaha wetu wa mtaa wa Weston alifariki juzi hospitalini, saratani, na mimi niko hapa naandika "alikuwa".

Tulijuana kazini, bustani ya wanyama hapa Toronto, shift ya asubuhi. Mianzi ya panda, wale dubu weusi kwa weupe tulioazimwa na China, ililetwa kwa ndege, na bado mmoja alinusa, akasukuma pembeni. Furaha, mtoto wa Uvira kule Kongo, akamfokea: "Weye! Sisi tulikula sombe, majani ya muhogo tu, kila siku, nani alitubembeleza?"

Panda waliporudishwa China, naye akapata kazi huko, kituo kinachowafundisha watoto wa panda waliozaliwa kizuizini kuishi msituni.

Kule walivaa mavazi ya panda yaliyopakwa mkojo wa panda, ili mtoto asizoee binadamu. OMG, harufu! Na marufuku kuongea. Furaha huyu, ambaye kwaya yetu nzima kanisani tulikuwa tunamwomba anyamaze!

Mtoto wa kwanza alipoachiwa msituni, panda wa porini walimshambulia kwenye eneo lao. Alikutwa chini ya jabali, amekufa. Furaha alikonda.

Kwa wa pili alinipigia analia na kucheka: "Dada, leo alisikia harufu ya mtu, akanikimbia! Alipanda juu ya mti kabisa! Voilà!" Huyo ndiye aliyempenda kuliko wote, na hakutaka hata kumpa jina.

Wakamwachia. Baada ya muda kola ya redio shingoni mwake, ile ya kuonyesha alipo, ikanyamaza. Furaha akarudi Toronto akiwa tayari mgonjwa.

Kila nikiingia wodini: "Habari ya mtoto?" Nikimwambia hakuna, anatabasamu. "Ni vizuri. Siku wakimwona, ujue amerudia watu."

Leo asubuhi, tuko msibani kwa mama yake, mwenzake wa China akanitumia ujumbe. Panda ameonekana. Alishuka kijijini, mifupa mitupu, akakaa mlangoni pa jiko la watu akisubiri kulishwa. Wamemrudisha ndani ya uzio, na hatatolewa tena.

Mama akaniuliza, "Mbona unalia hivyo tena?" Nikaificha simu, nikasema ni msiba tu.

Furaha, uliondoka ukiamini yuko msituni. Nashukuru, na inaniuma vibaya. Nisamehe nimekuandikia hapa, sina mwingine ambaye angeelewa.

Pumzika, dada yangu. Mtoto wako, wanasema sasa anakula vizuri.