Nilimtaja Mlezi, Nikamwacha Mkubwa

Kosa ni langu. Nalisema mapema, msije mkaanza kunionea huruma katikati kisha mkajuta. Hakuna aliyenituma wala aliyenilazimisha. Nilikuwa na kinywa changu na akili zangu timamu.

Nimeanza kuandika habari hii mara nne. Naandika mstari mmoja, nainuka, naenda jikoni kufunua sufuria ambayo najua haina kitu, narudi. Lakini leo nitamaliza.

Jina langu halina haja. Mimi ni mzaliwa wa Koboko, karibu na mipaka ya Sudan na Kongo, mjukuu wa askari wa Kisudani kama watu wengi wa mtaa wetu. Miaka ile ya sabini, wanajeshi walipokuwa wanatawala, nilikuwa karani wa taipu katika ofisi moja mjini Arua. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yuko Vurra mpakani, kesho yuko Kongo. Nami nilikuwa na binti wa miezi minane. Nitamwita Hawa, ingawa si jina lake.

Ofisi yetu ilikuwa na chumba cha kulelea watoto, karibu na soko. Tulikuwa tunawaacha hapo sisi makarani, pamoja na wanawake wa sokoni. Saa sita unakimbia kwenda kunyonyesha, unarudi kazini. Mwanzoni chumba kilikuwa na walezi watatu. Mmoja akaolewa Yumbe. Mwingine akarudi kwao Sudan vita vya huko vilipotulia. Akabaki Mama Poni peke yake.

Mama Poni naye alikuwa mkimbizi kutoka Sudan, Mkristo, mwanamke mrefu mwembamba mwenye sauti ya chini. Wenzake waliporudi kwao, yeye hakurudi, kwa sababu hakuwa na mtu wa kurudia. Watoto wetu walikuwa kumi na tisa. Kumi na tisa, jamani! Na yeye mmoja.

Siku moja saa sita nikaingia pale nikapigwa na bumbuwazi. Mama Poni ana mtoto mgongoni na mwingine kifuani, anakoroga uji kwenye jiko la mkaa. Na wale wanaotambaa, kila mmoja amefungwa kitambaa kiunoni, na ncha ya pili imefungwa kwenye mguu wa meza. Hawa wangu naye kafungwa! Alikuwa anavuta, anavuta, akiona hafiki anakaa chini na kulia.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, lakini halikuwa neno zuri.

Mama Poni hakugombana nami. Alimfungua Hawa akanipa, kisha akasema, "Mama Hawa, jiko iko moto. Mimi iko na mikono mbili tu. Nimesema na mukubwa mara tatu, lete mutu mbili, hata moja. Yeye anasema ngoja."

Mkubwa alikuwa ni mkubwa wa ofisi yetu. Yeye ndiye aliyeajiri, na yeye ndiye aliyekuwa amekataa kuajiri.

"Wewe iko na mashini ya kuandika," Mama Poni akaniambia. "Andika barua moja, ya mimi na ya watoto. Sema iko mulezi moja na watoto kumi na tisa. Mimi sijui kuandika."

Nikamwambia nitaandika. Wallahi nilimwambia hivyo, nikiwa namtazama usoni!

Kesho yake nikaweka karatasi kwenye mashine. Nikapiga maneno mawili ya mwanzo, "Kwa Mkubwa". Kabla sijafika la tatu nikasikia viatu vyake vinakuja kwenye ukumbi. Nikaichomoa karatasi nikaikunjakunja na kuitia ndani ya gauni. Alipita tu, wala hakunitazama. Sikuweka karatasi nyingine. Nilijiambia wiki ijayo.

Mnaoishi leo mtaniona mwoga. Ndiyo, nilikuwa mwoga. Miaka ile hukujua mtu anakula na nani, na neno lako likitoka hujui litalala nyumba gani. Lakini woga wangu ungeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuungama.

Ijumaa ile nikambeba Hawa nikaenda Koboko kwenye karama, yaani karamu ya dua, ya mtoto mchanga wa dada yangu. Mume wa dada yangu, shemeji yangu, alikuwa sajini wa jeshi. Mtu wa kucheka sana, na akicheka watu wote wanacheka. Wanawake tulikuwa uani tunapika, wanaume wamekaa kwenye mikeka mbele. Dada akanipa sinia ya chai niwapelekee.

Nikafika, nani namwona amekaa mkeka mmoja na shemeji, magoti yanagusana? Mkubwa wetu wa ofisi! Kumbe ni marafiki.

Shemeji akanitania mbele ya watu. "Shemeji, mutoto yako amekonda sababu gani? Huko Arua hakuna chakula?"

Ningecheka yakaisha. Lakini nilikuwa nimebeba lile jambo tumboni wiki nzima, likanitoka. Nikasema, "Mtoto anafungwa kamba, shemeji. Anafungwa kwenye meza pale anapolelewa."

Shemeji akaweka kikombe chini. "Mutoto yetu anafungwa kamba? Mutu gani anafunga?"

Hapo ndipo. Hapo hapo! Ningesema, walezi ni wachache. Ningesema, mlezi ni mmoja na ameomba msaada mara tatu. Mtu wa kuleta msaada alikuwa amekaa mbele yangu, ana andazi mkononi. Akainua macho akanitazama. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa, alinitazama tu.

Nikasema, "Mama Poni."

"Ile ya Sudan?" shemeji akauliza.

"Ndiyo."

Mkubwa akaendelea kula andazi lake. Shemeji akasema, "Basi, shemeji, hiyo kazi ndogo." Nikarudi uani na sinia yangu. Na nitawaambia jambo la aibu zaidi: nilifurahi! Nilijiona mtu, mwanamke mwenye watu wake. Nikala vizuri siku ile.

Jumatatu, kabla ya saa nne, muuza mboga mmoja akaingia ofisini bila kubisha hodi, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani. "Mama Hawa! Mama Hawa, kimbia! Askari wanachukua Mama Poni!"

Tulikimbia sote. Tulipofika, gari la jeshi lilikuwa limeshaondoka. Askari walikuwa wamekata vile vitambaa vyote kwa kisu, wakamchukua mlezi, wakaacha watoto kumi na tisa hawana mtu. Uji umeungua. Mmoja ametambaa hadi barabarani, mama yake kamdaka kando ya baiskeli inayopita. Hawa alikuwa chini ya meza na kiatu cha mpira cha Mama Poni, anakitafuna. Kiatu kimoja. Basi walimpakia garini mguu mmoja ukiwa mtupu.

Wanawake wakaanza kuulizana, "Nani amesema? Nani amepeleka maneno?" Nami nikauliza pamoja nao. Ndiyo, niliuliza! Nilitikisa kichwa nikauliza.

Mkubwa akafika, mikono nyuma. Akasema kwa sauti ya mkutano, "Ni huyu Mama Hawa ndiye amelalamika kwa serikali. Amefanya vizuri sana. Mufuate mufano yake." Kisha akasema chumba kimefungwa mpaka apatikane mlezi mwema. Akanipa mkono mbele ya wanawake wote. Nami nikaupokea.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana! Kila mmoja alimbeba mwanawe akaenda, na walipopita mbele yangu waliniamkia kwa adabu kubwa, hata waliokuwa wamenizidi umri.

Siku ya tatu nilipanda lori nikaenda tena Koboko. Nikamwambia shemeji, mama yule hana kosa, alikuwa peke yake, mwachieni. Safari hii hakucheka. "Wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu. Sasa mimi niende niseme shemeji yangu iko muongo? Unajua muongo anapelekwa wapi?"

Nikasema sijui. Nikaondoka hata maji sikunywa.

Mama Poni hakuonekana tena Arua. Wako waliosema alisukumwa ng'ambo ya mpaka pale Vurra, akaenda zake kwa miguu. Wako waliosema mengine, sitayaandika. Mume wangu aliuliza kila safari. Na mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka nasi tukawa wakimbizi, tukavuka mpaka ule ule, nilimtafuta katika soko la Aru, upande wa Kongo, uso kwa uso, meza kwa meza. Sikumpata. Mpaka leo nikiona mwanamke mrefu kwa mgongo, nakwenda mbio, namzunguka nimwone sura.

Mngedhani nimeshapata adhabu yangu. Bado.

Chumba kimefungwa, kazi inaningoja, nani atamshika Hawa? Nikaenda kwa jirani. "Nyumba yangu ndogo, mama." Kwa mwingine. "Mimi nasafiri, mama." Yule wa tatu hakuwa hata na udhuru, alisema pole tu akaingia ndani. Mji mzima ule wa wanawake, hakuna wa kumshika mtoto wangu!

Mwishowe akakubali mwanamke kijana mmoja wa mtaa wa Mvara, mke wa mfagizi wa ofisi yetu, anaitwa Ayikoru. Wakati ule niliona ana moyo mwema. Siku hizi najua mumewe alikuwa chini ya mkubwa, naye hakuona njia ya kunikatalia.

Kila jioni nikimfuata Hawa, Ayikoru anapiga magoti kunisalimu, anasema, "Iko salama, mama. Hakuna neno." Kila jioni maneno hayo hayo. Mtoto safi kabisa, kapakwa mafuta, kanyolewa vizuri. Nikajisemea, ona, mlezi akikuheshimu mambo yananyooka.

Kisha Hawa akaanza kulia nikimvua gauni. Nikasema meno. Akawa hatambai. Nikasema anadeka. Nikamwuliza Ayikoru, "Mtoto ana nini?" Akasema, "Iko salama, mama." Siku zikapita, siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mume wangu aliporudi safari alimnyanyua bintiye kwa mikono yote miwili, alivyozoea. Mtoto alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. Tukaenda hospitali mbio. Daktari akaushika mkono wa kushoto, akaupapasa, akatutazama. Mfupa ulikuwa umevunjika zamani, na umeshaanza kuungana upande. Akauliza, "Siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Nilikwenda Mvara na hasira ya kuua mtu. Ayikoru aliponiona alianguka chini, haikuwa salamu safari hii. Hata sikuuliza, alianza mwenyewe. Mtoto alianguka kutoka barazani wakati yeye Ayikoru amekwenda kuteka maji. Kila siku alikuwa anamkanda kwa maji moto na mafuta, analia, anaomba Mungu mkono upone kabla sijajua.

"Sababu gani hukuniambia?" nikamwuliza. "Siku ile ile tungemponya!"

Akaangalia barabarani, upande magari yanakotokea. "Mama, mimi iko na watoto tatu. Nikisema, gari itakuja."

Hasira yote ikaniisha pale pale. Nilikaa chini kwenye vumbi pamoja naye.

Enyi wazazi mnaosoma haya, mnaoacha watoto kwa walezi mkaenda kazini: mkiona walezi hawatoshi, semeni! Msinyamaze, mimi sisemi mnyamaze. Lakini semeni jambo lenyewe, na mlipeleke kwa mwenye uwezo wa kulitengeneza, hata kama mnamwogopa. Msimtafute aliye chini mkamtupia. Mlezi akikuogopa hatakuambia mtoto ameanguka. Atakuambia iko salama, nawe utaamini kwa sababu unapenda kuamini.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya niinuke mara nne.

Binti yangu sasa ni mama wa wajukuu wangu. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Alipokuwa mdogo aliniuliza kwa nini, nikamwambia alizaliwa nao, kazi ya Mungu, asiulize tena. Hakuuliza tena. Amewabeba watoto wake wote kwa mkono wa kulia akimshukuru Mungu kwa alichompa.

Ukurasa huu wa gazeti anausoma kila wiki, ananisomea kwa sauti kwa sababu macho yangu hayawezi tena herufi ndogo. Wiki hii nitakaa karibu yake nimngoje afike hapa. Mwanangu, hukuzaliwa nao.